Uso wa Mama Yake Nyaruach

Nakaale, binti wa rafiki yangu, haogopi hata nyoka, ndiyo maana hili naliamini. Mwaka 2012, shuleni kwao Kakuma, alitumwa stoo kuleta picha aliyoichora Nyaruach, mkimbizi wa darasa lake, iende maonyesho Lodwar. Kwenye kitambaa, Nyaruach alikuwa amechora jamaa zake wa Sudan Kusini: walio hai macho wazi, waliokufa wamefumba. Mama yake hakumpa uso, maana habari zake hazikujulikana.

"Si umchoree hata pua, wee!" Nakaale alimtania.

"Nitamaliza akipatikana."

Vumbi lilikuwa limetia giza mchana. Mle stoo, brashi ilisugua kitambaa, shwa, shwa.

"Nyaruach?"

"Niko huku nje!" Nyaruach akajibu.

Sauti ya brashi ikanyamaza. Nakaale akawasha tochi: hapakuwa na mtu. Mama pale pichani alikuwa na uso, rangi ingali mbichi, jicho moja limefumbwa. Na pale pa jicho la pili, shwa, shwa, ikaanza tena.