Mashuka ya Mzee Tluway

Hapa Karatu hakuna anayejua mambo ya benki kama mimi. Niliingia benki mara moja, nikaomba choo, nikatoka.

Basi, jirani yangu Blandina hufua nguo za watu. Mteja wake mkubwa ni Mzee Tluway, mwenye nyumba ya wageni. Hufua mashuka yake yote, pamoja na suruali yake moja tu ya kutokea. Kufua si shida. Shida ni kulipwa.

Kila mwisho wa mwezi Blandina alikwenda kudai.

"Shikamoo baba. Nimefuata ile..."

"Marahaba mwanangu! Kaa kwanza. Germana, mletee makande! Na maziwa!"

Sasa, umeshakula makande ya mtu, utamdai kwa mdomo gani? Blandina alirudi ameshiba, mfukoni hana kitu.

"Bibi, sabuni imeisha," aliniambia. "Nikikosa tena mwezi huu, nafunga kazi."

"Utafunga, na umenenepa hivyo?"

Nikamwita Goodness, binti anayefanya kazi benki.

"Dada, usiende tena kudai," alisema Goodness. "Mteja anakwenda benki mara moja tu. Anaandika kiasi mlichokubaliana, tarehe, na akaunti yako, anasaini. Kuanzia hapo benki yenyewe inakulipa kila mwezi."

"Na akaunti yake ikiwa tupu?" aliuliza Blandina.

"Hapo hulipwi. Yeye hupata hela lini?"

"Kampuni ya watalii humlipa tarehe mosi."

"Basi wekeni tarehe tano."

"Na akitaka kuacha?" niliuliza mimi, mtaalamu.

"Anarudi benki, anasitisha. Hela ni yake. Na namba yake ya siri asimpe mtu. Hata Blandina, hata mimi."

Safari hii Blandina alieleza yote kabla makande hayajafika. Mzee Tluway akaanza kukuna kichwa.

"Nenda ukasaini!" mkewe Germana alipiga kelele toka jikoni. "Nimechoka kupika!"

Akaenda, akasaini.

Tarehe tano simu ya Blandina ikalia. Hela imeingia! Akanunua sabuni siku hiyohiyo. Tena wateja wengine wawili wakakubali kulipa kwa njia ileile.

Jioni Mzee Tluway akatukuta uani kwa Blandina. Amejifunga blanketi kiunoni, anachechemea.

"Mwanangu, leo nimeteseka! Nimesimama foleni benki toka asubuhi, ili nikulipe kwa mkono wangu."

Blandina akatazama kamba ya nguo.

"Pole baba. Ulikwenda umevaa nini? Suruali yako ile pale, bado inachuruzika maji."