Basili Akosa Jani la Isale

Asubuhi, kihamba cha Basili, shamba linalozunguka nyumba yake kule Kilema mlimani, kilikuwa na ubaridi wa kupendeza. Jua lilipita kwanza katika matawi ya miringaringa, kisha katika migomba, na lilipoifikia kahawa lilikuwa limekwisha kupungua ukali. Nyuki walivuma. Maji ya mfongo, mfereji uliochimbwa na mababu, yalipita kando ya zizi yakiteremka kwa majirani. Hayo yote Basili aliyarithi kwa baba yake, na kwa kuyaona kila siku akaacha kuyaona.

Ndipo tamaa ilipomwingia. Siku moja alikwenda gulioni Kwa Sadala, akakuta matenga ya nyanya yakigombewa. Akarudi nyumbani akiitazama miti yake kama wageni waliokawia kuaga.

"Kivuli hakiliki," alimwambia mkewe, Martha.

"Na ndizi unazokula zimekulia wapi, Baba Stella?" Martha akajibu. "Haya, kata. Lakini kule juu kwenye chemchemi usiguse, nakusihi."

Hakusikia. Miringaringa ilianguka, na mikuyu ya chemchemi ikafuata; nyuki na ndege hondohondo wakahama. Kisha, ili aongeze matuta mawili tu ya nyanya, aling'oa ua wa masale uliokuwa mpaka kati yake na Mzee Sirili, msimamizi wa mfongo. Nanyi wasomaji mnajua kwamba isale si jani la kuchezea. Kwetu Uchaggani, aliyekosa humpelekea jani hilo yule aliyemkosea, na anayeletewa hapaswi kukataa suluhu.

Nyanya zilistawi, tusiseme uongo. Lakini masika ilipofika, udongo uliokosa mizizi uliteremka pamoja na nyanya zenyewe, ukauziba mfongo. Wanakijiji waliuzibua kwa majembe yao. Basili alijifungia ndani kwa aibu, asitoke hata kuwasalimu. Wazee wakakata shauri: zamu yake ya maji isimame mpaka atakapoleta isale.

Kiangazi kikaingia. Martha akawa anateremka korongoni na ndoo kichwani, na ng'ombe wao akapunguza maziwa.

"Mimi si punda, Baba Stella," alisema jioni moja, akitua ndoo. "Peleka isale."

Basili alitoka, akautembea mpaka wake wote. Hapakuwa na isale hata moja. Kukata la mtu bila ruhusa ni kuchokoza mpaka wake; akaona hana budi kuomba. Na masale ya karibu yalikuwa kwa Mzee Sirili, upande wa pili wa kihamba cha mzee huyo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mkulima wa nyanya! Umetuletea tenga?"

"Nimekuja kuomba jani la isale."

"La kumpelekea nani?"

Basili aliinamisha kichwa. "La kukuletea wewe."

Mzee alimkodolea macho, kisha akacheka mpaka kofia ikamdondoka, akamwita mkewe. "Mama Elinipendo, njoo usikie! Mtu huyu anataka nimpe jani la kuniombea radhi mimi mwenyewe!"

Alipomaliza kujifuta machozi, alimpa panga. "Kata. Na usikate jani peke yake, kata na vijiti vya kupanda. Ukimaliza mpaka, nenda kwenye chemchemi ukapande mikuyu."

Basili alikata. Akatoka nje ya lango, akageuka, akaingia tena kama mtu aliyefika sasa hivi, akalitoa jani kwa mikono miwili. Safari hii Mzee Sirili hakucheka. Alilipokea naye kwa mikono miwili.

"Zamu yako ni kesho asubuhi," alisema.

Leo masale yamemfika Basili kifuani, na mikuyu michanga imeshika ardhi ya chemchemi. Hondohondo hawajarudi bado, nyuki wamerudi. Nyanya anazo, tuta moja karibu na jiko, na zinamtosha. Juzi alikuwa ameketi chini ya migomba, Martha akamletea ndizi ya kuchoma.

"Haya, Baba Stella," alisema, "kula kivuli chako."

Akala, akacheka.

FUNZO

Miti, nyuki na maji ya mlima ni jamaa wa nyumba moja. Ukimfukuza mmoja, wenzake hawakawii kumfuata. Mwenye kihamba cha juu ajue kwamba ameshika jembe kwa niaba ya walio chini yake. Apande na kutunza sasa, angali na radhi ya jirani, asingoje kwenda kuomba kwa jirani kile alichong'oa kwake kwa mikono yake mwenyewe.