Vita Visivyo na Nyayo

Zama zile misafara ya pembe na shaba ilipokuwa ikikata bara, palikuwa na himaya iitwayo Ubwela. Mtemi wake alikuwa mchanga, na mambo yote yaliendeshwa na baraza la watu saba waliojiita Wenye Macho, kwani waliamini raia wengine wamezaliwa vipofu wa akili.

Wenye Macho waliwagawa watu kwa shanga: nyeupe kwa wakulima, nyeusi kwa wahunzi, nyekundu kwa askari. Wa nyeupe hakuruhusiwa kumwoa wa nyeusi, wala kula naye. Watu waliponung'unika, ikapigwa mbiu kwamba Warugaruga, wapiganaji wa kukodiwa, wameuzingira mji. Malango yakafungwa, nafaka ikakusanywa ghala moja, na kila mtu akapimiwa chakula kwa kadiri ya utii wake.

Lugusha, mkuu wa wapelelezi, alikwisha kuona mazingiwa manne maishani mwake. Hili la tano lilimtia shaka. Kila alfajiri ngoma za adui zilirindima msituni, lakini siku ya ishirini ilipita pasipo mshale hata mmoja kuanguka bomani. Wala tai hawakuonekana angani, na jeshi linalokula nyama halikosi tai.

"Mbona hatutumwi kupeleleza?" alimwuliza Ntabo, mkuu wa baraza.

Ntabo alizitazama shanga zake kabla ya kumtazama usoni. "Lisemwalo lipo, Lugusha. Kama halipo, laja."

Nyumbani, mkewe Kalunde alimwekea kidole mdomoni. "Sema polepole, baba. Jirani siku hizi anakula mara mbili, na hana shamba."

Kulipopambazuka Lugusha akapenya kwenye mfereji wa maji, mkuki mkononi. Msituni hakukuta nyayo za jeshi wala majivu ya kambi. Alikuta ngoma nne chini ya mgunga, na watu wanne wenye shanga nyekundu wakinywa uji kwa asali. Mmoja alikuwa Kasanga, aliyepata kupigana naye bega kwa bega. Walipouona mkuki, watatu wakatimka.

"Rudi, ndugu yangu," Kasanga alisema bila kuinua macho. "Watu wakijua hakuna vita, wataanza kuuliza mengine."

Lugusha akamtwika ngoma, akamswaga hadi lango kuu mchana kweupe, akamwamuru apige. Mdundo uleule uliowanyima watu usingizi ukasikika pale nje. Watu wakapanda bomani kuchungulia. Hakuna aliyecheka.

"Huyo ndiye adui," Ntabo alitamka kutoka juu. "Amevaa sura ya Lugusha."

Lugusha akaona watu wakitazamana, kila mmoja akingoja mwenzake aamini kwanza. Ndipo Kalunde na wahunzi wawili walipoliinua komeo. Lango likafunguka: mtama ulikuwa umekomaa mashambani, na njia ilikuwa tupu.

Watu mia mbili walitoka, wakamfuata kuvuka mto. Maelfu waliobaki waliutazama mtama ule kitambo, kisha wakalifunga lango wenyewe.

Manju wa Ubwela wangali wakiimba jinsi boma lilivyowashinda Warugaruga. Ng'ambo ya mto, kizazi cha Lugusha hakina wimbo. Wao husimulia tu kwamba wazee wao walikuwa hawajafika mbali, waliposikia komeo likirudishwa.