Mstari Mmoja Wakati Uji Unachemka

Kila alfajiri Rukaiya aliamshwa na mlio wa mlango wa bati, mama yake akitoka kwenda kuuza nazi sokoni Buguruni. Kuanzia hapo nyumba yao ya Ukonga ilikuwa mikononi mwake, kwani baba alikuwa dereva wa lori na mara nyingi yuko safarini. Rukaiya alifagia, akapika uji kwenye jiko la gesi, akamnywesha na kumvalisha mdogo wake Farhan, akafunga mlango, akampeleka chekechea, ndipo akakimbilia shuleni. Jioni kulikuwa na tuisheni, halafu madrasa, halafu vyombo. Alikuwa darasa la saba, na mwaka huo hata kuku wa jirani walipata nafasi zaidi ya kupumzika kuliko yeye.

Kazi hakuziogopa. Alichoogopa ni moto.

Mwaka huohuo chumba cha jirani yao Faraji kilikuwa kimeungua. Mtungi wake wa gesi ulivuja, naye bila kujua akawasha kiberiti. Faraji alitoka salama, lakini godoro lake lililoungua lilitupwa uani, na Rukaiya alilipita kila alipokwenda kuchota maji. Tangu hapo, akishakaa darasani tu, swali lilimwingia: gesi nilizima? Akajaribu kukumbuka, asikumbuke, maana jambo la kila siku mtu hulifanya bila kuliangalia. Zaidi ya mara moja alitoroka kipindi akakimbia hadi nyumbani, akakuta jiko limezimwa vizuri, na aliporudi akapewa adhabu ya kufyeka majani. Hakumwambia mtu. Mama alirudi kila siku hoi bin taabani, sasa amwongezee mzigo gani tena?

Aliyemshtukia ni Mwalimu Apolonia, mwalimu wa sayansi ambaye pia ndiye aliyewasikiliza wanafunzi wenye matatizo. Alimkuta akifyeka, akamwita pembeni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Rukaiya, wewe si mtoro ninavyokujua. Huwa unakimbilia wapi?"

Rukaiya aliangalia viatu vyake. Alitaka kusema tumbo lilimuuma, lakini maneno yenyewe yakamponyoka: mtungi, kiberiti, godoro jeusi, vyote. Mwalimu hakumcheka. Alimpa daftari jipya, akamwambia awe anaandika humo kidogo kila siku yale yanayomtia hofu.

Hapo Rukaiya akafanya kosa ambalo hufanywa na wanafunzi wazuri peke yao. Alipiga pambizo kwa rula na kalamu nyekundu. Akaandika kichwa cha habari kwa herufi kubwa, akakipigia mstari, kisha akaanza utangulizi: "Hofu ni hali inayompata mwanadamu yeyote..." Hakufika mbali. Farhan alimwaga ndoo ya maji, na alipomaliza kudeki, adhana ya magharibi ikaadhiniwa. Kesho yake hakupata nafasi, na keshokutwa vilevile. Sasa alikuwa na hofu mbili, ya moto na ya daftari.

Mwishowe alilirudisha kwa mwalimu huku uso ameuinamisha.

"Naomba unisamehe, mwalimu. Sijamaliza hata aya moja ya kusahihisha."

Mwalimu Apolonia alilifungua, akatabasamu. "Nani kakwambia linasahihishwa? Humu hamna alama ya vema wala ya mkasi."

"Muda sina, mwalimu. Kweli tena."

"Uji wa asubuhi anapika nani?"

"Mie."

"Ukisubiri uchemke unafanya nini?"

"Nakoroga. Nikiuacha unashika chini."

"Unakorogea mkono gani?"

"Wa kulia."

"Basi mwiko uhamie kushoto, kulia ushike kalamu. Andika mstari mmoja, leo unaogopa nini. Jioni andika mwingine, kimetokea nini. Hakuna utangulizi wala hitimisho."

Rukaiya alifanya hivyo. Mwanzoni kukoroga kwa mkono wa kushoto kulimpa taabu, na kurasa zikajaa madoa ya uji. Asubuhi aliandika: "Naogopa nyumba itaungua." Jioni: "Nyumba ipo." Siku nyingine: "Naogopa Farhan atapotea." Jioni: "Hakupotea. Alikuwa kwa jirani anakula andazi." Hofu bado ilikuja darasani, lakini ilikuwa ikikaa kidogo na kuondoka, na hakutoroka tena.

Kisha ikafika siku ya moko, mtihani wa kujipima kabla ya ule wa taifa.

Asubuhi hiyo Farhan aliamka na kilio, soksi moja haikuonekana, na Rukaiya aliandika mstari wake haraka haraka. Katikati ya mtihani wa hisabati, hofu ilimshika kwa nguvu kuliko siku zote. Gesi nilizima? Namba kwenye karatasi zilianza kucheza. Akilini alimwona Farhan amerudishwa nyumbani mapema, yuko mlangoni, ndani moshi. Kabla hajajijua alikuwa amesimama.

"Wewe, unakwenda wapi?" msimamizi alimwuliza. "Ukitoka hapa hurudi, na karatasi yako nakusanya."

Akiondoka, amefeli. Asipoondoka, je, kama kweli nyumba inawaka? Alikaa polepole, akavuta karatasi ya kukokotolea, akaandika pembeni: "Naogopa nyumba inaungua." Akautazama. Ulikuwa mstari uleule wa kila siku. Ndipo akakumbuka kwamba asubuhi tone la uji lilidondokea daftari, akaweka kalamu chini ili azime jiko, kalamu ikabiringika mpaka kwenye mtungi, na alipoinama kuiokota aliifunga koki ya gesi kwa mkono wake mwenyewe. Hofu haikuondoka kabisa. Ilikaa upande mmoja, naye akaendelea na swali lililofuata hadi muda ukaisha.

Lakini alipokata kona ya kwao jioni, aliona moshi juu ya mabati.

Alikimbia huku akilia, begi likimpiga mgongoni. Alipofika akamkuta mzee Alfonsi, jirani wa nyumba ya tatu, anachoma taka. Mlango wa kwao ulikuwa umefungwa kama alivyouacha. Ndani, jiko lilikuwa limezimwa na sufuria ya uji imepoa. Rukaiya aliketi kizingitini, akalia kwa sauti, na ndivyo mama yake alivyomkuta aliporudi na tenga lake, Farhan akiwa amemshika mkono.

"Ruki, mwanangu, nani kakupiga?"

Rukaiya alitikisa kichwa. Alichukua daftari, akamsomea mama ukurasa baada ya ukurasa, hofu za asubuhi na majibu ya jioni. Mama alicheka kidogo aliposikia habari ya andazi, kisha macho yakamlowa.

"Yote haya ulikuwa nayo peke yako?"

"Niliona unarudi umechoka, mama."

"Nachoka, lakini sijachoka kuwa mama yako." Alifuta machozi kwa pembe ya khanga. "Kuanzia kesho uji naupika mie kabla sijatoka, nautia kwenye chupa ya chai, gesi naifunga mwenyewe. Na sikiliza, mwanangu. Kuogopa si aibu. Ila hofu ukiifungia moyoni haina wa kuikatalia, inasema inavyotaka. Iandike uione ilivyo, halafu umwambie mtu mzima. Mwalimu wako kakufunza jambo zuri, nami nitakwenda kumshukuru."

"Na kama uji unapika wewe, mie nitaandika saa ngapi?"

"Utaandika Farhan akinywa. Mdogo wako anavyojivuta, utamaliza daftari zima."

Rukaiya alicheka, kwa mara ya kwanza siku hiyo. Mama aliichukua kalamu ya Rukaiya, akaandika chini ya mstari wa asubuhi ile, taratibu, kwa mwandiko wa mtu ambaye siku nyingi hakushika kalamu:

"Naogopa mwanangu ana jambo hanambii."

Akafikiri kidogo, akaongeza mstari wa jioni:

"Kaniambia."