Mstari Mtupu wa Daftari

Siku hiyo dukani Kariakoo walikuwepo watatu: rafiki yangu Fortunata, bibi yake Agnesi, na Khalfani mwenye mashine ya fotokopi.

Bibi hakuwahi kumwona baba yake. Baba huyo alikuwa akiongoza njia kwenye ndege ya mabomu vitani Ulaya, na ndege haikurudi. Bibi alitaka jina lake liingie kwenye orodha ya waliokufa vitani. Ofisi yenye orodha hiyo ilikuwa imemzungusha mwezi mzima. Sasa walitaka nakala ya kumbukumbu ya safari ya mwisho, na kwenye daftari ambalo marehemu aliandikia safari zake za ndege, mstari wa safari hiyo ulikuwa mtupu.

“Wanatuchezea hawa!” Fortunata alilalamika.

“Tutoe hivyo hivyo, bibi yangu,” Khalfani alisema, akampisha kiti chake.

Umeme ukakatika. Duka halina dirisha. Gizani wakasikia penseli ikikwaruza karatasi, taratibu.

“Fortu, unaandika nini?”

“Siandiki, bibi. Si nimekushika mikono yote miwili?”

“Khalfani?”

“Niko huku nje, nahangaika na jenereta!”

Taa zilipowaka, mstari ulikuwa umejazwa: saa ya kuruka, saa ya kuangusha mabomu, na pa kutua pameachwa wazi.

Ofisini walilikagua daftari lenyewe, wakaukataa mstari huo. Walisema penseli bado mbichi, inachafua vidole.