Nusu Kilo Kila Mwezi

Kila asubuhi, kabla kengele ya shule haijagongwa, Digna alikuwa na kazi moja isiyo na mjadala: kumbeba Faustin mgongoni hadi kituo cha kulelea watoto. Faustin alikuwa mtoto wa jirani, mwenye umri wa miaka mitatu. Mama yake aliondoka alfajiri kwenda kuchuma kahawa kwenye shamba kubwa la bondeni, na kwa kuwa Digna alipita njia hiyo hiyo kwenda darasa la sita, ujirani ukaamua. Alimfunga kwa kanga, akashuka naye kati ya migomba, akaruka mfereji, akamkabidhi kwa Mama Evaristo, mlezi wa kituo. Shuleni alifika akihema, lakini hakuchelewa.

Kituo cha Kisereni kilikuwa chumba kimoja chenye sakafu ya saruji, mkabala na ghala la chama cha ushirika. Wanakijiji walikijenga kwa kujitolea mwaka 1973, na hakuna mgeni aliyepita Kisereni bila kuambiwa hivyo, hata kama hakuuliza. Kulikuwa na watoto ishirini na sita, mikeka, sufuria kubwa la uji na daftari moja jeusi. Kila mwezi kila mtoto alitakiwa kupimwa uzito, na uzito wake uandikwe ndani ya daftari hilo. Hayo yalikuwa masharti kutoka wilayani.

Shida ilikuwa mizani. Kituo hakikuwa na mizani yake. Kilitumia ile ya kupimia kahawa, iliyoning'inia kwenye boriti ya ghala la chama. Watoto walitiwa mmoja mmoja ndani ya gunia lililotobolewa matundu mawili ya miguu, gunia likatundikwa kwenye kulabu, na Karani Yohana akasoma kilo kwa sauti ile ile aliyowasomea wakulima. Wengine walicheka wakibembea, wengine walilia kana kwamba wanauzwa.

Mama Evaristo alikuwa amejifunza kusoma ukubwani, katika kisomo cha watu wazima, na kuandika kulimtoa jasho. Kwa hiyo kila Jumamosi ya kupima, aliyeshika kalamu alikuwa Digna. Mwandiko wake ulikuwa umebandikwa ukutani shuleni ili wengine wauige. Naye alijua kwamba ni mzuri. Tusimfiche, alijivuna.

Mwezi wa tisa mwaka 1975 kahawa iliiva kwa fujo. Foleni ya wakulima ilianzia mlangoni mwa ghala ikazunguka hadi nyuma ya kituo. Mama Evaristo alipokwenda kuomba mizani, Karani Yohana hata hakuinua kichwa.

"Mama, unaliona lori lile? Linasubiri mzigo wa kwenda Moshi. Nikisimamisha kazi nipime watoto, watu hawa watanipima mimi. Njoo mwezi ujao."

Mama Evaristo alirudi kituoni akaketi juu ya mkeka, akamsogezea Digna daftari.

"Andika tu, mwanangu. Uzito wa mwezi wa nane si tunao? Ongeza nusu kilo."

"Nusu kilo kwa watoto wote, mama?"

"Wote. Usimpendelee mtu."

Digna alisita kidogo. Lakini alikuwa amelelewa kwa methali moja tangu hajui kutembea: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Akaandika. Faustin, aliyekuwa na kilo kumi na moja na nusu, akawa na kumi na mbili. Mwezi wa kumi mizani haikupatikana, akaongeza nusu nyingine. Mwezi wa kumi na moja vivyo hivyo. Namba zilishuka chini ya ukurasa kwa safu zilizonyooka, bila kufutwa wala kukwaruzwa, na Digna alipozitazama aliona raha.

Katikati ya miezi hiyo surua ilipita kijijini. Faustin aliugua, akapona, lakini uchangamfu wake haukurudi. Alikaa pembeni wenzake wakicheza, amezama ndani ya sweta la baba yake lililomfika magotini, na uji wake mara nyingi uliishia kwa wengine. Jioni moja mama yake alikuja kituoni na kikapu bado kiunoni.

"Mama Evaristo, mbona naona mtoto wangu haleti mwili?"

"Haleti mwili!" Mama Evaristo akafungua daftari. "Tazama mwenyewe. Kilo kumi na mbili na nusu. Surua imekutia hofu tu, mama."

Mama Faustin alitazama namba kwa muda. "Basi kama daftari linasema, ni macho yangu," alisema, akamchukua mwanawe akaenda zake.

Digna alikuwa amesimama karibu, na kitu kilimchoma moyoni. Alijituliza upesi. Si yeye aliyembeba Faustin kila siku? Na si kweli kwamba siku hizi alimpandisha mlima bila kuhema? Alikuwa amewatangazia hata wenzake shuleni: "Mimi nimepata nguvu kweli kweli. Nabeba mtoto kama nabeba mfuko wa vitabu." Alikuwa ameyaamini maneno yake mwenyewe.

Desemba shule zilipofungwa, habari ikaja kwamba mkaguzi wa vituo vya watoto yuko njiani. Angekagua kila kitu, na kituo kitakachotimiza masharti kingepewa cheti. Kituo kitakachoshindwa kingeweza kufungwa. Mama Evaristo alifagia mahali alipokwisha kufagia. Digna aliitwa kumsaidia, naye tangu alipoamka hakukaa. Alipanga vikombe, akavipangua, akaenda mlangoni kutazama njia, akarudi, akaenda tena. Kila alipopita karibu na rafu lilipokuwa daftari, aligeuza uso.

Saa nne gari aina ya Landrova ilisimama mbele ya ghala. Akashuka mwanamke mrefu mwenye viatu vya kamba na karatasi iliyojaa maswali. Huyo ndiye Bibi Elifuraha, mkaguzi. Nyuma ya gari kulikuwa na mifuko sita ya maziwa ya unga.

"Shikamoo, mama," Digna alisema.

"Marahaba, binti. Haya, tuanze. Nina vituo vitatu leo."

Bibi Elifuraha hakuwa mtu wa maneno mengi. Alipima chumba kwa hatua zake. Alinusa vikombe. Aliuliza maji ya kunywa yamechemshwa na nani, lini, na kwa kuni zipi. Aliingiza kichwa chooni, jambo ambalo mwenyekiti wa kijiji, aliyemsindikiza akiwa amevaa koti la kanisani, hakulitegemea hata kidogo. Kila alipotia alama kwenye karatasi, Mama Evaristo alipumua. Mwishowe akaomba daftari.

Alisoma ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Digna alijikuna mkono ambao haukuwasha.

"Mwandiko mzuri sana," mkaguzi alisema. "Na watoto wanaongezeka kila mwezi, bila hata mmoja kurudi nyuma. Hongera, Mama Evaristo. Cheti nitakiandika hapa hapa." Akamgeukia mwenyekiti. "Haya maziwa ni ya vituo ambavyo watoto wamepungua uzito. Nilipanga kuwaachia ninyi mifuko miwili, lakini hamna shida nayo. Nitaipeleka tambarare, kule mbavu za watoto zinahesabika."

Mwenyekiti alicheka kwa fahari. Mama Evaristo hakucheka.

"Digna," alisema kwa sauti kavu, "wanawishe watoto mikono, uji uko tayari."

Beseni lilikuwa juu ya benchi, na wadogo walihitaji kuinuliwa ili walifikie. Wa kwanza alikuwa Filbert, rika la Faustin kabisa. Walizaliwa wiki moja, wakabatizwa siku moja. Digna akainama, akamshika kwapani, akavuta juu. Hakuinuka. Alijaribu tena, akakaza meno, na Filbert akapanda taratibu. Alipomshusha alikuwa anahema.

Akamwinua Faustin. Alipanda mara moja kwa mkono mmoja.

Digna alisimama na mtoto juu ya beseni, maji yakimchuruzika viganjani. Ziko wapi zile nguvu alizojisifia? Hakuwa amepata nguvu yoyote. Faustin ndiye aliyekuwa anakwisha, siku baada ya siku, mgongoni kwake mwenyewe, na yeye kila mwezi akamwandikia nusu kilo kwa mwandiko mzuri. Nje alisikia mlango wa gari ukifunguliwa.

Alifikiri juu ya cheti. Alifikiri juu ya Mama Evaristo, atakayefukuzwa, na kituo, kitakachofungwa, na jina lake mwenyewe litakalosemwa kila kihamba, kila shamba la nyumbani. Kisha akatoka mbio akiwa bado amempakata Faustin.

"Mama mkaguzi, usiondoke! Namba zile si za kweli. Nimezibuni mimi."

Bibi Elifuraha aliuachia mlango wa gari.

"Umebuni zipi?" aliuliza.

"Za miezi mitatu. Mizani ilikuwa kwenye kahawa. Na Faustin... mshike mwenyewe, mama. Tafadhali mshike."

Mama Evaristo alikuwa amefika mlangoni. Digna alitegemea kwamba atakana. Badala yake alisema, "Mtoto huyu hana kosa. Mimi ndiye niliyemwamuru."

Bibi Elifuraha alimpokea Faustin. Alimpandisha sweta, akatazama, akalishusha tena polepole. Uso wake ulibadilika. Alivuka njia hadi ghalani, na wote wakamfuata.

Foleni ilikuwa ndefu. "Karani," alisema, "shusha gunia hilo."

"Lakini Bibi, huyu mzee amengoja tangu..."

Mzee aliyekuwa na gunia hilo ndiye aliyemkatiza. "Shusha, Yohana. Kahawa yangu imekwisha kukomaa, haitapungua."

Faustin akatundikwa. Karani Yohana akatazama mshale, akapangusa macho, akatazama tena. Safari hii hakutangaza kwa sauti ya ghala.

"Tisa na nusu," alisema.

Daftari lilisema kumi na tatu. Walipimwa watoto wote siku ile. Wengi walikuwa salama, lakini wanne walikuwa wamepungua tangu mwezi wa nane, na Faustin kuliko wote. Mama yake aliitwa kutoka shambani, akaja mbio na vidole vyekundu kwa kuchuma. Alipoelezwa alimtazama Digna. Kofi lisingeuma kama macho yale. Akapanda gari la mkaguzi na mwanawe, wakapelekwa hospitali ya Mawenzi mjini.

Kabla gari halijaondoka, mkaguzi alichana cheti alichokuwa amekianza.

"Hiki sikitoi. Mifuko miwili ya maziwa naiacha, kwa sababu watoto hawakudanganya. Kituo sikifungi, maana kikifungwa watoto hawa watakwenda wapi? Nitarudi baada ya miezi sita." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Na mimi nina kosa. Nilisoma daftari nikaacha kuwatazama wenye daftari. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndugu zangu. Leo kilikuwa njiani."

Faustin alilazwa wiki tatu. Surua ilikuwa imemwacha bila nguvu, na minyoo ikamalizia damu iliyobaki. Wiki hizo tatu Digna hakutulia nyumbani wala kanisani. Kila basi la kutoka Moshi liliposimama, alikwenda kutazama nani anashuka. Siku Faustin aliposhuka kwa miguu yake, akidai ndizi, Digna alilia mbele za watu wala hakuona haya. Mama Faustin alimshika bega. "Ulichelewa," alisema, "lakini ulisema." Jumatatu yake alimletea mtoto ambebe tena.

Bibi Elifuraha alirudi mwezi wa sita, kama alivyoahidi. Safari hii alianza na watoto. Aliwainua wote mmoja mmoja, mpaka akavua koti kwa joto. Ndipo akaomba daftari.

Herufi zilikuwa zimepinda, nyingine zimefutwa mpaka karatasi ikatoboka. Mama Evaristo aliandika mwenyewe sasa, na Digna alimsomea namba tu. Faustin: kumi na nusu, kumi na moja, kumi na moja na nusu. Mwezi wa nne alikuwa ameshuka tena hadi kumi na moja, na pembeni pameandikwa: *Homa. Amepelekwa zahanati siku hiyo hiyo.* Mwezi wa tano watoto wote walikuwa na nafasi tupu, na chini yake sentensi moja: *Hatukupima. Kulabu imevunjika.*

Mama Evaristo alikunja pindo la kanga yake. "Tulifikiri tutanyimwa cheti kwa mwezi huo, lakini ndivyo ilivyokuwa."

Mkaguzi alitoa kalamu, akatia sahihi.

"Mwezi huo ndio unaonifanya niiamini miezi mingine," alisema. "Shimo likiachwa wazi, kila mtu analiona na kulikwepa. Likifunikwa kwa majani, mtoto ndiye anayetumbukia. Daftari la kituo halikuwekwa ili mimi nifurahi, limewekwa ili mtoto akianza kupotea tujue mapema. Anayeandika uongo humo hanidanganyi mimi. Anamwibia mtoto siku zake za kupona."

Gari lilipoondoka, Mama Evaristo alibaki na cheti mkononi. Alimwita Digna kando.

"Mwanangu, na mimi nina langu. Ule ulikuwa uongo, nikauita kazi, nikautia mikononi mwako kwa sababu nilijua huwezi kumkatalia mkubwa. Heshima si hiyo. Mtu mzima akikutuma hivyo tena, hata nikiwa mimi, usitii."

Digna alikuwa amezoea kuitikia "ndiyo, mama" kabla mkubwa hajamaliza kusema. Safari hii alifikiri kwanza, ndipo akaitikia.