Kiti cha Nyuma ya Dereva

Kituo cha mabasi kilifurika watu asubuhi ile. Fundi cherehani mwenye mimba ya miezi saba alipanda ngazi za basi akihema, mkono mmoja kiunoni, anakwenda kujifungulia kwa mama yake. Gauni pana la kijani alilishona mwenyewe. Kamba za viatu zilimshinda kufunga, miguu imevimba. Kuinua macho, akakutana na dereva: shati jeupe, tai nyeusi, manukato yaleyale. Ndiye aliyempa mimba. Ndiye aliyezima simu miezi mitano mizima.

"Wewe!" dereva alishtuka.

"Mimi. Endesha gari."

Kiti chake kilikuwa nyuma kabisa. Akambembeleza mzee aliyekaa mbele, nyuma tu ya dereva, wakabadilishana. Leo atanitambua, alijisemea.

Hazikupita dakika ishirini. "Dereva, simama. Nataka kujisaidia."

Akasimama. Baada ya nusu saa, tena. Halafu mgongo ukamuuma, akataka kujinyoosha. Halafu kiungulia.

"Dereva, manukato yako yananitapisha. Fungua dirisha."

Vumbi likamjaa dereva usoni. Abiria wakaanza kuguna, lakini mama mmoja mwenye kilemba akawakemea: "Mwacheni! Kwani nyie mlianguliwa?"

Simu ya fundi ikaita. Akapaza sauti makusudi. "Niko njiani, mama. Anacheza kweli huyu mtoto! Nani anaendesha? Baba yake. Ndiyo, huyohuyo aliyezima simu!"

Basi zima likamgeukia dereva. Jasho likamtiririka shingoni.

Waliposimama tena, dereva alimfuata chini, akamnyooshea mkono. Fundi hakuupokea.

"Kondakta wangu alikuona hospitali," dereva alisema. "Umekumbatiwa na mwanaume, ukaingia kwenye gari lake."

"Yule ni mjomba wangu! Nilizirai kliniki, wewe uko safarini. Nani angenirudisha nyumbani? Mbona hukuniuliza?"

"Niliogopa jibu, mpenzi."

"Usiniite mpenzi. Miezi mitano natapika peke yangu, wewe unaogopa jibu! Rudi ndani ukawaambie wote."

Akawaambia, kwa kipaza sauti cha basi: mimba ni yake, alimtupa mwenzake kwa maneno ya watu, kosa ni lake.

"Rudia," alisema yule mama wa kilemba. "Huku nyuma hatujasikia."

Akarudia. Fundi alifumba macho akasikiliza kila neno, utamu ukimshuka mpaka kwenye vidole vya miguu.

Walipofika, dereva alibeba mabegi yote mpaka mlangoni kwa mama yake fundi. Akapiga goti palepale. "Nikuoe, laazizi."

"Harakaharaka hivyo? Utakuja kila Jumapili. Utakaa sebuleni kama mgeni, mama akuulize maswali. Mkono hunishiki."

"Mpaka lini?"

"Mpaka hasira ziniishe."

Alikuja Jumapili nane, tai shingoni, akijibu maswali ya mama mkwe kama yuko mahakamani. Jumapili ya tisa alimkuta fundi sebuleni na mtoto wa siku tatu. Fundi akamwekea mtoto mikononi.

"Mshike vizuri. Bado nimekukasirikia," alisema, akijilaza begani kwake, "ila nina usingizi."